Saa Nane za Kusubiri Ndege Zinatosha Mahali Pamoja Tu

Kila ninaposoma mwongozo unaomwahidi msafiri kwamba ataona vivutio kumi vya mji ndani ya saa nane za kusubiri ndege ya kuunganisha, nakasirika. Miongozo hiyo huandikwa kana kwamba saa zilizo kwenye tiketi zote ni za matembezi. Anayeiamini hukimbia kutoka mnara hadi mnara huku jicho likiwa kwenye saa, na anayeingiwa na hofu hujinyoosha kwenye viti vya chuma mpaka ndege yake itakapoitwa. Wote wawili wameukosa mji.

Hebu tufanye hesabu. Toa saa moja ya kushuka na kupita uhamiaji, toa muda wa kwenda mjini na kurudi, kisha toa saa mbili na nusu au tatu kabla ya ndege kuondoka, kwa sababu foleni ya ukaguzi haitabiriki na lango hufungwa mapema kuliko saa ya kuruka. Katika saa nane zinabaki tatu au zaidi kidogo, tena pale tu ambapo usafiri ni mwepesi, kama Schiphol, ambako treni huingia chini ya jengo la abiria na kukufikisha kituo kikuu cha Amsterdam kwa takriban robo saa. Kwa mahali pamoja, saa tatu ni muda wa kutosha kabisa. Kwa mahali kumi hazitoshi hata kuulizia njia.

Kwa hiyo nasisitiza kwamba uchague mahali pamoja, na uchague kabla hujapanda ndege ya kwanza. Ukiwa Doha, nenda kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, yaliyofunguliwa mwaka 2008 katika jengo alilolisanifu I. M. Pei na ambalo limezungukwa na maji ya ghuba. Simama mbele ya kurasa za misahafu ya kale mpaka uanze kuona mkono wa mwandishi, na usijilaumu kwa majengo marefu ya ng'ambo ambayo hukuyafikia. Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni Narita. Uwanja huo uko takriban kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, na bado abiria wengi huung'ang'ania mji mkuu, wakatumia sehemu kubwa ya muda wao ndani ya treni na kurudi wakihema. Ilhali mji wa Narita wenyewe uko dakika kama kumi tu kwa treni, na kutoka kituoni barabara yenye maduka ya kale inateremka hadi hekalu la Naritasan Shinshoji, lililoanzishwa mwaka 940, ambalo nyuma yake kuna bustani kubwa yenye mabwawa na miti. Huko mtu anaweza kutembea polepole, akakaa, akatazama watu wakiomba, na akarudi uwanjani akiwa ameishi saa hizo badala ya kuzihesabu. Ukaribu wa mahali una thamani kuliko umaarufu wake, na ningetamani kila mwongozo uanze na jambo hilo.

Zipo pia ziara za bure zilizopangwa. Uwanja wa Changi huwatembeza Singapore abiria wanaosubiri angalau saa tano na nusu na wasiofikisha saa 24, na Turkish Airlines hufanya vivyo hivyo Istanbul kwa abiria wake wa kimataifa wanaosubiri kati ya saa 6 na 24. Basi la ziara huwa na haraka zile zile ninazozilalamikia, lakini nakubali, kwa shingo upande, kwamba kwa mgeni anayeogopa kuchelewa ndege lina faida kubwa.

Linaloniuma zaidi ni pasipoti. Waandishi wengi husema "toka tu nje" kana kwamba milango yote iko wazi kwa watu wote. Marekani, hata abiria asiyetaka kutoka uwanjani hulazimika kupita uhamiaji, hivyo anayehitaji viza lazima awe nayo hata kama anapita tu. Katika nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, abiria wengi huruhusiwa kubaki ndani ya uwanja bila viza, lakini kuingia mjini ni suala jingine, na raia wa baadhi ya nchi hudaiwa viza hata kwa kubaki humo ndani. Ushauri usiotaja jambo hili umewasahau wasafiri wengi mno, na wao ndio wanaouhitaji zaidi.

Ikiwa muda wako haufiki saa sita, au unatua usiku wa manane, baki ndani na ulale. Ikiwa tiketi zako zimenunuliwa kando kando, ulizia mapema kama mizigo itapelekwa moja kwa moja, kwa sababu ukilazimika kuichukua na kuikabidhi upya, muda huo nao utatoka katika zile saa tatu.