Kinyago Hakitoshi Kuwa Habari

Mnamo Julai 2007, kituo kimoja cha televisheni cha Fox mjini Los Angeles kilirusha taarifa iliyowaita Anonymous, yaani wadukuzi wa mtandaoni wasiojulikana wanaojificha nyuma ya jina hilo na kinyago, mashine ya chuki ya intaneti, na katikati ya maelezo watazamaji wakaonyeshwa gari likilipuka, ingawa hapakuwa na gari lolote ambalo kundi hilo lilituhumiwa kulilipua. Picha ile ilijaza pengo ambalo ushahidi haukuweza kulijaza.

Miaka michache baadaye, upepo ukageuka. Mapema mwaka 2011, tovuti za serikali ya Tunisia ziliposhambuliwa wakati wa maandamano ya kumpinga Rais Ben Ali, watu walewale, au angalau waliotumia jina lilelile, walianza kuelezwa kama watetezi wa wanyonge. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya taswira hizo mbili. Anayewaogopa na anayewashangilia wote hudhani kuna jeshi moja lenye makamanda na orodha ya wanachama, ilhali Anonymous ni jina ambalo mtu yeyote aweza kulivaa leo na kulivua kesho. Mwandishi anapoandika kwamba Anonymous wametangaza vita, kama ilivyoandikwa Februari 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bado hajamwambia msomaji ni nani aliyetangaza, wala kwa idhini ya nani.

Linalonikera zaidi, hata hivyo, ni uvivu wa kueleza kilichofanyika. Desemba 2010, baada ya PayPal, Visa na MasterCard kuacha kupitisha michango ya WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri, waliotumia jina la Anonymous walizifurikisha tovuti za kampuni hizo kwa maombi ya kufungua kurasa, mengi kupita uwezo wa seva zake. Tovuti ya MasterCard ilizimika, lakini kampuni ilieleza kwamba mfumo wake mkuu wa kuchakata malipo haukuathirika. Kuziba mlango wa benki si kuvunja kasiki, lakini habari zilizosema tu kwamba kampuni zimedukuliwa zilimwacha mwenye kadi akidhani namba yake imeibwa. Linganisha na yaliyoipata HBGary Federal, kampuni ya usalama wa mitandao, Februari 2011, baada ya mkurugenzi wake kujigamba gazetini kwamba amewatambua viongozi wa Anonymous. Hapo kweli kulikuwa na uvamizi: walioingia walitumia dosari ya tovuti na nywila zilizorudiwarudiwa, wakaanika makumi ya maelfu ya barua pepe. Matukio hayo mawili hayafanani kwa mbinu, kwa kosa wala kwa hasara. Isitoshe, barua pepe hizo zilifichua pendekezo la kuihujumu WikiLeaks, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa habari nzito kuliko fedheha ya mkurugenzi. (Wahariri wanaolaani wizi wa barua za namna hii huwa hawaoni haya kuzinukuu.)

Mambo huharibika zaidi pale jina lenyewe linapokuwa la kughushi. Usiku wa tarehe 8 Aprili 2015, matangazo ya TV5Monde ya Ufaransa yalikatwa, na kurasa zake za mitandao ya kijamii zikajaa ujumbe wa waliojiita CyberCaliphate. Dunia ikaambiwa kwamba hao ni wafuasi wa kundi la Dola la Kiislamu. Miezi miwili baadaye, wachunguzi wa Ufaransa walikuwa wakilitazama kundi la wadukuzi wa Urusi linalojulikana kama APT28, lakini taarifa ya kwanza ilikwisha kufika mbali. Mwaka uliofuata, aliyejiita Guccifer 2.0, aliyevujisha nyaraka za chama cha Democratic cha Marekani, alijitambulisha kuwa Mromania anayefanya kazi peke yake. Julai 2018, waendesha mashitaka wa Marekani walidai kwamba nyuma ya jina hilo walikuwapo maofisa wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi.

Tahadhari iliyotokana na visa hivyo nayo ikapitiliza. Anonymous Sudan ilipozuka mwaka 2023, ikatatiza huduma za Microsoft na kisha eCitizen, mfumo wa Kenya wa huduma za serikali mtandaoni, wachambuzi kadhaa walikata shauri kwamba hao ni Warusi waliojificha, na vyombo vya habari vikaikariri dhana hiyo hadi ikaanza kusikika kama jambo lililothibitishwa. Oktoba 2024, Marekani ilitangaza mashitaka dhidi ya ndugu wawili, raia wa Sudan. Waandishi walioamini jina la CyberCaliphate bila kulichunguza, na wale waliolipuuza la Anonymous Sudan vilevile bila kulichunguza, walikuwa na nafasi ya kueleza kwanza huduma ipi imezimika, kwa mbinu gani na nani ameumia, kisha wakaongeza kwamba dai la waliojitokeza kuhusika bado halijathibitishwa. Maelezo hayo yangepatikana siku ileile, pasipo kusubiri mahakama yoyote.