Mazoezi ya nyumbani baada ya korona: kifua kimeshiba, mgongo una njaa

Shirika la Afya Duniani lilipoitangaza korona kuwa janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, katika nchi nyingi jimu zilikuwa miongoni mwa milango ya mwanzo kufungwa. Dambeli zikaadimika madukani, watu wakabaki na sakafu, kiti na uzito wa miili yao. Ubishi ulioanza hapo haujaisha: hawa wanasema ada ya jimu ni hela iliyotupwa, wale wanasema mazoezi ya sebuleni ni kujidanganya. Kila upande una hoja, ila si kwa misuli ileile.

Tuanze na sebule. Msuli haujui kama unasukuma chuma au sakafu. Seti ya marudio 25 mepesi hukuza msuli karibu sawa na seti ya marudio 8 mazito, mradi uache pale yanapobaki marudio mawili au matatu tu kabla ya kushindwa. Wengi huacha mapema mno, ndipo wanaposema nyumbani hakujengi. Pushapu ya kawaida hubebesha mikono takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 75 ni kama kilo 50, na miguu ikipandishwa kwenye kiti, mzigo unaongezeka. Shuka kwa sekunde 3, tulia chini sekunde 1, uone pushapu 12 zinavyogeuka kazi.

Lakini sakafu husukumwa, haivutwi. Mtu anaweza kupiga pushapu mwaka mzima na misuli ya mgongo isipate kazi ya maana hata siku moja. Njia rahisi ni begi la mgongoni lenye kilo 10 za vitabu: inama kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, vuta kiwiko kuelekea kiunoni. Jaza nguo kwenye nafasi zilizobaki, la sivyo vitabu vitacheza na begi litakuvuta upande. Kagua pia mshono wa mkanda, maana ndipo unapokatikia. Ukitumia raba ya kuvuta mlangoni, simama upande ambao mlango haufungukii. Hapo kila unapovuta unaubana kwenye fremu. Ukisimama upande wa pili, siku kitasa kikiachia mlango utakujia usoni.

Miguu nayo hufika mahali. Ukimudu kuchuchumaa mara 40, hamia mguu mmoja, wa nyuma ukiwa juu ya kiti. Hiyo inasaidia kwa muda mrefu. Hata hivyo, anayetaka kunyanyua kilo 120 kutoka chini hana budi kunyanyua vyuma vizito, na hapo watu wa jimu wako sahihi kabisa.

Soko nalo liliyumba pande zote mbili. Gold's Gym na 24 Hour Fitness za Marekani ziliomba kinga ya kufilisika mwaka 2020. Peloton, iliyouza baiskeli za nyumbani kwa kasi wakati huo, ikatangaza mwaka 2022 kupunguza wafanyakazi wapatao 2,800. Waliotabiri kifo cha jimu walikuwa na haraka.

Kwa maoni yetu, mgawanyo unaofaa wengi ni siku mbili nyumbani na moja jimu, ya vyuma vizito na kuvuta. Kwa aliyekwisha kujenga nguvu, siku hiyo moja mara nyingi hutosha kuitunza. Aliyekaa miezi bila vyuma asirudie kilo zake za zamani. Aanze na nusu yake, seti mbili kwa kila zoezi, kwa wiki mbili. Kinachoumiza zaidi msuli uliozembea ni kushusha chuma, si kukipandisha. Maumivu ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Misuli ikivimba na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, aende hospitali siku hiyohiyo.