Mbona ajali ya meli pale Ulyanovsk, Urusi, haikutajwa?
Mwandishi wa makala kuhusu meli ya watalii ya Urusi, Aleksandr Suvorov, kaisifia kwa vyumba na chakula tu, kana kwamba meli yenyewe haina historia. Iliundwa Komárno, Chekoslovakia, mwaka 1981, ina urefu wa karibu mita 136, na mpaka leo inazungusha watalii kwenye mto Volga. Sawa. Lakini usiku wa tarehe 5 Juni 1983 ilipita upande usio wake chini ya daraja la reli la Ulyanovsk. Daraja likaikwangua sitaha ya juu, ukumbi wa sinema ukiwa umejaa watu. Hesabu rasmi ni vifo 176! Sehemu ya chini ikabaki nzima, wakaikarabati, ikarudi kazini. Umri wake haunitishi hata kidogo, chuma kile ni cha kazi. Ninachouliza: hao abiria wa leo wanaambiwa?