Kabla hujawazomea wazimamoto wa kijijini, uliza maji yako wapi

Juzi nimetumiwa klipu, nyumba inaungua huko shamba, gari la faya limefika, wamemwaga maji dakika chache tu yakaisha, watu wakaanza kuzomea. Imeniuma sana. Kuna kijana ameshika mpira wa maji umelegea mkononi, kanyamaza, anaangalia paa linashuka.

Jamani tupige hesabu. Gari likibeba lita 4,000 hizo ni tani 4 za maji peke yake, na mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, dakika 8 tenki tupu. Mipira miwili, dakika 4. Mjini wanaunga kwenye haidranti, yaani bomba la maji la zimamoto la barabarani, kazi inaendelea, kijijini kuna mto, bwawa, au kisima cha mtu na geti limefungwa. Kwa hiyo zimamoto wa shamba kazi yao kubwa ni kusomba maji, gari moja linapiga moto, lingine linamwaga maji kwenye tenki la turubai lililofunguliwa pembeni, lingine limerudi kujaza, sasa likwame moja tu kwenye tope uone. Niliwahi kuwashikia tochi usiku wakivuta maji bwawani, jamaa kaingia mpaka kiunoni, kila mara anazamisha mkono kung'oa majani kwenye chujio la mpira wa kunyonyea, maana likiziba pampu inavuta hewa na mwenzake kule mbele anabaki na mpira mkavu mbele ya moto. Kulipokucha huyo jamaa akaenda kazini kwake kama kawaida. Halipwi hata senti, anajitolea.

Na wako wengi wa hivyo. New South Wales kule Australia walianza na kikosi cha kamji ka Berrigan mwaka 1896, leo huduma yao ya vijijini ina watu wa kujitolea kama 70,000. Na hawaitwi kwa moto tu, ni ajali, mafuriko, mtu katumbukia kisimani.

Ila moto wa shamba huwa hausemwi. Tarehe 8 Oktoba 1871 Chicago iliungua, wakafa watu kama 300, dunia nzima inajua. Usiku huohuo Peshtigo, kamji ka mbao huko Wisconsin, Marekani hukohuko, kaliteketea pamoja na vijiji vya jirani, wakafa zaidi ya 1,000, wengine wanakadiria mpaka 2,500. Nani anawakumbuka?

Sawa, kuna vikosi vizembe, gari linatoka kituoni tenki halijajazwa, hilo siwezi kulitetea. Lakini wewe uliyerekodi ile klipu, maji ya karibu yako wapi na hapo? Gari kubwa linafika? Ufunguo wa geti anao nani?

Mimi Jumamosi naenda kwa mwenye lile bwawa, tumekubaliana tufyeke njia gari liweze kufika mpaka ukingoni, na nitamwomba ufunguo wa pili wa geti ukae kituoni kwa wazimamoto.