Utata wa sheria usilipwe kwa miaka ya mfungwa

Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya mtu aliyekamatwa San Diego akiwa na gramu 0.13 za kokeini. Hiyo ni chembe inayokaa kwenye ncha ya kidole. Jesus Romero, ndilo jina lake, alikuwa na makosa ya zamani, na mawili kati yake ndiyo yaliyomponza: kuvunja nyumba ya watu, na kujaribu kuvunja nyingine. Chini ya sheria mpya ya jimbo, ile ya makosa matatu, iliyokuwa na miaka miwili tu, chembe ile ingempeleka jela miaka 25 hadi maisha. Jaji aliyemsikiliza akayaweka kando yale makosa mawili na kumfunga miaka sita. Upande wa mashtaka ukaja juu: jaji hana mamlaka ya kufanya hivyo mpaka mwendesha mashtaka aombe.

Hakuna aliyebishana juu ya hatia ya Romero, maana alikiri mwenyewe. Ugomvi wote ulikuwa juu ya namna ya kusoma kifungu kimoja cha sheria. Kati ya miaka sita na miaka 25 hadi maisha palisimama mstari mmoja ulioandikwa kwa haraka.

Nimesoma hukumu nyingi za California kuhusu adhabu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja. Dola ndiyo inayoandika sheria, dola ndiyo inayoshtaki, na dola ndiyo inayofunga. Ikiwa imeandika maneno yanayosomeka kwa njia mbili, hasara ya utata huo iiangukie yenyewe. Mahakama inayochagua ile tafsiri kali, hali nyingine ipo na inakubalika, inamfanya mfungwa alipe kwa uzembe wa mwandishi.

Kwanza nitendee haki sheria yenyewe, kwa sababu haikutoka hewani. Mwaka 1992, mjini Fresno, msichana wa miaka 18 aitwaye Kimber Reynolds aliuawa na watu waliotaka kumpora mkoba. Mwaka uliofuata Polly Klaas, mtoto wa miaka 12, alitekwa akiwa nyumbani kwao Petaluma akauawa, na muuaji alikuwa mtu mwenye historia ndefu ya makosa ya kikatili. Wazazi wana haki ya kuuliza mtu kama huyo alikuwa anafanya nini mtaani. Gavana Pete Wilson alitia saini sheria ya makosa matatu Machi 1994, na Novemba mwaka huohuo wapigakura wakaipitisha kwa mara ya pili, takriban asilimia 72 wakisema ndiyo. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa moja zito au la ukatili, kosa kubwa (felony kwa Kiingereza) linalofuata adhabu yake ni mara mbili. Aliyetiwa hatiani kwa mawili, kosa kubwa la tatu ni miaka 25 hadi maisha. Na hapo ndipo penye kisa: hilo la tatu halikulazimika kuwa zito wala la ukatili. Kosa lolote linaloingia kwenye daraja la makosa makubwa lilitosha.

Turudi kwa Romero. Sheria ile ilisema mwendesha mashtaka anaweza kuomba kosa la awali liwekwe kando kwa ajili ya haki, kwa kufuata kifungu cha 1385 cha Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 1385 chenyewe kinampa jaji uwezo wa kufuta shtaka ama kwa hiari yake, ama kwa ombi la mwendesha mashtaka. Waendesha mashtaka wakasema: tumetajwa sisi tu, kwa hiyo jaji ameondolewa. Tena sheria inaagiza itumike katika kila kesi inayohusika, bila kujali sheria nyingine. Ukiisoma peke yake, hoja hiyo ina nguvu.

Majaji wa Mahakama ya Juu waliikataa wote kwa sauti moja. Walisema Bunge likitaka kumnyang'anya jaji uwezo aliokuwa nao tangu zamani, liseme waziwazi. Kunyamaza si kunyang'anya. Zaidi ya hapo, kumpa mwendesha mashtaka, ambaye ni upande mmoja wa kesi, kura ya turufu juu ya uamuzi wa jaji kunaingilia mgawanyo wa madaraka, jambo ambalo mahakama hiyohiyo ilikuwa imeshalikataa mwaka 1970 katika kesi ya Tenorio. Kwa hiyo, penye tafsiri mbili, wakaichukua ile isiyogongana na katiba. Hawakumwachia jaji mlango wazi wa huruma ya ovyo: lazima atoe sababu, ziandikwe kwenye kumbukumbu za mahakama, na mahakama ya rufaa inaweza kuzikagua. Mwaka 1998, katika kesi ya Williams, kipimo kikawekwa: je, kwa kutazama kosa la sasa, makosa ya nyuma, na maisha na matarajio ya mtu huyu, yuko nje ya roho ya sheria hii?

Hivyo ndivyo ningependa sheria zote za adhabu zisomwe. Sisemi kwamba majaji wawe wapole. Nasema ukali uthibitishwe kwa maneno.

Mwaka uleule wa 1998 mahakama hiyo ilitoa hukumu nyingine ambayo mpaka leo sikubaliani nayo. Katika kesi ya Benson, mshtakiwa alikuwa ametiwa hatiani mwaka 1979 kwa kuingia kwenye makazi ya jirani yake na kumshambulia kwa kisu. Tukio moja, mlolongo mmoja, hatia mbili. Kwa kuwa California inakataza kuadhibiwa mara mbili kwa tendo moja, adhabu ya mojawapo ilikuwa imesimamishwa. Swali: miaka mingi baadaye, je, zinahesabiwa kuwa makosa mawili? Mahakama ikasema ndiyo, kwa sababu sheria inaeleza kwamba kusimamishwa kwa adhabu hakubadilishi hesabu. Ni kweli maneno hayo yamo. Lakini sheria haikusema kwamba siku moja ya uhalifu inaweza kumrusha mtu hatua mbili kwa mpigo, akajikuta kwenye ukingo wa kifungo cha maisha bila kuwahi kupata onyo katikati.

Sharti niongeze kwamba majaji waliacha ufa. Katika tanbihi walisema huenda zikatokea hatia mbili zinazotokana na tendo lilelile moja, zilizoshikamana kiasi kwamba kuzihesabu mbili itakuwa kupotoka. Ufa huo ulingoja miaka 16. Mwaka 2014 ikaja kesi ya Vargas: mwanamke aliyepora gari kwa nguvu mara moja, kutoka kwa mtu mmoja, akatiwa hatiani kwa uporaji wa gari na vilevile kwa unyang'anyi. Gari moja, mwenyewe mmoja, dakika ileile. Safari hii mahakama ilisema hapana. Hoja yake naiona ya maana sana, kwa sababu ilirudi kwa watu waliopiga kura. Jina la sheria kwa Kiingereza, three strikes, lilitoka kwenye besiboli, ambako mchezaji anakosa mpira mara tatu ndipo anatolewa. Mpigakura wa kawaida, wakasema majaji, angeelewa kwamba mtu anapewa nafasi tatu. Hakuna aliyeelewa kwamba kukosa mara moja kunaweza kuandikwa mara mbili.

Najua jibu la wanaopinga, na si jibu jepesi. Wanasema kazi ya jaji ni kusoma kilichoandikwa. Akianza kutafuta wananchi walielewa nini, ataweka mapenzi yake akayaita mapenzi ya wananchi. Na kweli, pale maneno yanapokuwa wazi, jaji hana pa kwenda. Leandro Andrade aliiba kanda tisa za video kwenye maduka mawili mwaka 1995, zote za dola 153.54, akamwambia ofisa wa mahakama kwamba aliziiba ili anunue heroini. Kwa kuwa alikuwa na makosa ya zamani, wizi huo mdogo uliweza kushtakiwa kama kosa kubwa, mara mbili, na akapewa vifungo viwili vya miaka 25 hadi maisha, kimoja baada ya kingine. Alikuwa na miaka 37. Gary Ewing aliiba fimbo tatu za gofu, kila moja dola 399, akatoka dukani akichechemea kwa sababu amezificha kwenye mguu wa suruali. Miaka 25 hadi maisha. Jaji wake alikuwa na uwezo uleule uliothibitishwa na Romero, akakataa kuutumia. Machi 2003 kesi zote mbili zilianguka mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano kwa wanne. Kwangu mimi hilo ni kosa la katiba kusomwa kwa woga, lakini silisukumi kwenye hoja ya leo. Maneno ya sheria ya California yaliwafikia watu hawa wawili bila kuvutwa.

Ninachodai ni kidogo zaidi: wanaosema wanashika maneno wayashike pande zote.

Mwaka 2012 wapigakura waliirekebisha sheria yao wenyewe kwa takriban asilimia 69. Kuanzia hapo, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kosa la tatu sharti liwe zito au la ukatili, na waliokuwa tayari ndani kwa kosa la tatu lisilo zito wala la ukatili waliruhusiwa kuomba adhabu mpya. Jaji angeweza kukataa kama kumwachia mfungwa ni hatari isiyokubalika kwa usalama wa umma. Hatari hiyo haikuelezwa ni ipi. Miaka miwili baadaye wapigakura wakapitisha sheria nyingine, iliyoshusha wizi mdogo na kumiliki dawa za kulevya kuwa makosa madogo. Ndani yake mlikuwa na maana ya maneno yaleyale ya hatari: kwamba mtu huyo anaweza kufanya kosa jipya kutoka orodha fupi ya makosa makubwa kabisa, kama mauaji. Na ikaandikwa kwamba maana hiyo ni kama maneno hayo yanavyotumika katika Kanuni hii yote.

Kanuni hii yote. Sijui mwandishi angeandika nini kilicho wazi kuliko hapo. Ila mwaka 2017, katika kesi ya Valencia, Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba maana hiyo haiwahusu wafungwa wa makosa matatu. Sababu zake: vijitabu vya wapigakura havikugusia jambo hilo, na sheria ya 2014 ilihusu makosa madogo. Nakubali kwamba vijitabu vilinyamaza. Lakini matini ndiyo iliyopigiwa kura, na katika Benson matini ndiyo iliyotosha kuhesabu tukio moja mara mbili. Maneno yakiongeza miaka, yanasomwa neno kwa neno. Yakipunguza, yanatafutiwa historia, muktadha na nia. Mfungwa aliyekuwa anangoja jibu la Valencia alikuwa na haki ya kusomewa kwa miwani ileile.

Mfano mpya uko njiani kufanana na huo. Tangu 2022 kifungu cha 1385 kina maagizo mapya kuhusu nyongeza za adhabu, zile zinazowekwa juu ya kifungo cha msingi kwa sababu ya silaha, majeraha au makosa ya nyuma. Kinaorodhesha hali za kumpunguzia mshtakiwa na kuagiza zipewe uzito mkubwa. Kinasema pia kwamba nyongeza zikiwa nyingi katika kesi moja, zote isipokuwa moja zitafutwa. Mahakama za rufaa zimesema "zitafutwa" haimlazimishi jaji kuzifuta, kwa kuwa maneno hayo yamo ndani ya orodha ya mambo ya kutafakari. Na katika kesi ya Walker, mwaka 2024, Mahakama ya Juu iliamua kwamba uzito mkubwa hauanzishi dhana kwamba nyongeza ifutwe. Naona mantiki ya mpangilio wa kifungu, tena usalama wa umma umetajwa humohumo. Lakini neno la lazima likiwa kwenye sheria ya kufunga, sijaona likilegezwa kirahisi namna hiyo.

Kuna sababu ya kisheria kwa nini California iko hivi. Kifungu cha 4 cha Kanuni yake ya Adhabu, cha mwaka 1872, kiliondoa kanuni ya kale iliyotaka sheria za jinai zibanwe kwa faida ya mshtakiwa, kikaweka badala yake maana ya haki ya maneno, kwa lengo la kutimiza madhumuni ya sheria na kukuza haki. Mahakama bado zinampa mshtakiwa faida ya shaka, lakini ni mwisho kabisa, pale tafsiri mbili zinapolingana uzito. Na mara nyingi jaji hupata kitu cha kuinamisha mizani kabla ya kufika hapo.

Bunge la jimbo linaweza kubadili hilo kwa sentensi moja kwenye kifungu cha 4, na ningependa iseme hivi: kifungu chochote cha adhabu kinachoruhusu tafsiri mbili za kuridhisha kisomwe kwa ile yenye kifungo kifupi, na maneno ya kupunguza adhabu yasomwe kwa upana uleule unaotumika kwa maneno ya kuiongeza.