Kabla Hujaipandisha Jimny Yako

Niseme moja kwa moja: wengi wanaotengeneza Suzuki Jimny, lile gari dogo la fowili, kwa ajili ya njia mbaya huanzia kwenye springi, na hapo ndipo pesa inapopotelea. Gari linatoka gereji limesimama juu, picha zinapigwa, halafu safari ya kwanza ya Ngare Sero linakwama kwenye korongo lilelile ambalo lingelikwamisha hata kabla fundi hajaligusa.

Sababu haina siri. Tangu toleo la SJ410 la 1981 mpaka toleo la JB74 lililotoka 2018, magari haya yana fremu chini na ekseli nzima mbele na nyuma. Difu, kile chungu cha gia zinazozungusha magurudumu, imekaa kwenye ekseli, na ekseli inabebwa na matairi. Ukiweka springi ndefu za inchi mbili, kinachopanda ni bodi na fremu. Difu inabaki palepale, na difu ndiyo inayogonga jiwe. Sikatai kwamba kupandisha kuna faida yake, maana bampa linachelewa kugusa ukingo wa korongo na tairi kubwa linapata nafasi ya kucheza. Lakini kama unataka jiwe lipite chini ya difu, kinachoweza kukusaidia ni tairi peke yake.

Twende kwenye hesabu. JB43 (toleo lililotangulia JB74) nyingi zinazotoka Japani zinakuja na tairi la 205/70R15, lenye kipenyo cha milimita 668 hivi. Weka 215/75R15 unapata kama 703. Difu inapanda nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 17 au 18. Weka 235/75R15 unapata 733, na difu inapanda milimita 33. Inaonekana kidogo ukiandika kwenye karatasi, ila ukiwa umelala chini ya gari unaangalia alama ya mkwaruzo kwenye chungu cha difu, unaelewa milimita 33 ni kitu gani.

Hapo wengi wanakimbilia 235, na mimi nawashauri wasubiri. Tairi likikua kwa asilimia 10, gia zote zinakuwa ndefu kwa asilimia 10, na mita ya spidi inaanza kukudanganya. Injini ya JB43 ina cc 1,328 tu. Panda nayo kutoka Mombo kwenda Lushoto ukiwa na watu wanne na mizigo, halafu uendelee mpaka Mtae, utajua umeipunguzia nguvu kiasi gani. Kwa mtu anayetumia gari moja kwenda kazini na kwenda porini, 215/75R15 imara, yenye kashata za kushika udongo, inatosha kabisa. Kisha jifunze kupunguza upepo. Kwenye mchanga na mawe shuka mpaka psi 16 au 18, tembea taratibu, na uwe na pampu ya umeme ya kujaza ukirudi barabarani. Gari jepesi linavumilia upepo mdogo kuliko Land Cruiser, na hiyo ni nguvu ambayo tayari umeilipia.

Wepesi huo ndio utajiri wote wa Jimny. Kwenye mchanga laini inapita juu juu pale ambapo gari la tani mbili na nusu linachimba. Sasa tazama watu wanavyouuza. JB74 ya milango mitatu, kwa toleo la Ulaya, ina uzito wa kilo 1,135 hivi ikiwa tupu, na mwisho wa uzito unaoruhusiwa ni kilo 1,435. Zinabaki 300. Watu wazima wanne wa kilo 75 wamezimaliza, hata dumu la maji hujapakia. Juu ya hapo mtu anachomelea bampa la chuma nene mbele na nyuma, anafunga winchi yenye waya wa chuma, anaweka keria na hema la juu. Suzuki wenyewe wanataja kilo 30 kuwa mwisho wa mzigo wa juu ya paa la Jimny, na hema peke yake linaweza kuwa karibu mara mbili ya hapo. Uzito ukikaa juu, kwenye gari jembamba namna hii, mteremko wa ubavuni unaogopesha, na una haki ya kuogopesha.

Wembamba nao una mambo yake. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Natron inapitwa na Land Cruiser za watalii mwaka mzima. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi zinachimba mifereji miwili, jua linaikausha, inakuwa migumu kama zege. Mifereji hiyo ni ya upana wa Land Cruiser. Jimny haienei humo. Tairi moja linaingia mferejini, jingine linabaki juu ya tuta la katikati, gari linaegama. Ukiwa umelipandisha inchi nne, linaegama zaidi. Dawa yake ni kushuka, kutembea mbele kwa miguu, na kuchagua kupita juu ya tuta, tairi moja huku na jingine huku. Hakuna kipuri kinachofanya kazi hiyo.

Ukiamua kupandisha, basi pandisha kazi yote. Ile fimbo ndefu inayozuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia, ambayo mafundi wanaiita panhadi, inabaki na urefu uleule, kwa hiyo ekseli inasogea upande. Pembe ya kasta ya mbele, yaani mlalo wa kingpini kuelekea nyuma, inapungua na usukani unapoteza tabia ya kurudi wenyewe. Hozi za breki zinavutika. Kisha siku moja, ukiwa kwenye spidi ya 80, unapita kwenye kiraka cha lami na mbele kote kunaanza kutetemeka kiasi kwamba huna la kufanya ila kupunguza mwendo mpaka karibu usimame. Fundi anabalansi matairi, inatulia wiki, inarudi. Balansi si ugonjwa wenyewe. Piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Kama linacheza, angalia beringi za kingpini, pale gurudumu linapogeukia. Kisha lishushe kwenye jeki, mtu azungushe usukani kulia na kushoto injini ikiwa inawaka, wewe tazama bushi za panhadi. Zikiwa zimechoka, utaona chuma kinasogea ndani ya mpira kabla ekseli haijafuata.

Kwenye maji, watu wananunua snokeli kwanza, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, wakati difu inavuta maji kimyakimya. Difu ikiwa ya moto kutokana na safari, ukiizamisha ghafla kwenye mto wa baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili au kipumulio, kile kitundu cha kupitishia hewa ya difu. Fungua nati ya kukagulia oili baada ya siku kadhaa: ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, beringi zimeshaanza kufa. Mpira mwembamba wa kupandisha kipumulio mpaka kwenye chumba cha injini ni wa bei ndogo sana. Na kwenye JB43 kagua habu za mbele, zinazounganisha magurudumu na shafti kwa mvuto wa hewa. Mipira yake ikichoka unabonyeza kitufe cha fowili, transfa, gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, inaingia, lakini magurudumu ya mbele hayashiki. Habu za kuzungusha kwa mkono zinamaliza tatizo hilo.

Pesa kubwa, kama ipo, ningeipeleka kwenye gia. Samurai ya kawaida, Jimny ya zamani ya familia ya SJ, gia ya kwanza ikiwa kwenye 4L (fowili ya gia nzito), injini inazunguka mara 31 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Ukibadilisha gia za transfa kwa seti yenye uwiano wa 4.16 inafika karibu mara 57. Gari linatambaa juu ya mawe bila kusaga klachi na bila dereva kulazimika kulirusha, na kulirusha ndiko kunakovunja shafti. Baada ya hapo ndipo nifikirie loka ya difu ya nyuma, inayolazimisha tairi zote mbili zizunguke pamoja.

Nawapenda sana wale wa Rhino Charge ya Kenya, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare. Wanatakiwa kupita vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyepita umbali mfupi zaidi. Magari yao yametengenezwa kukata porini moja kwa moja, na mengi hubebwa kwa lori mpaka uwanjani. Yako inatakiwa ikufikishe kazini Jumatatu.

Kama mwezi huu pesa inatosha kitu kimoja tu, usinunue springi wala tairi. Nunua ndoano imara ya kuvutia, ifungwe kwa bolti nzito kwenye fremu, mbele na nyuma. Vile vitanzi vyembamba vya chini ni vya kufungia gari melini. Mkanda wa kuvutia ukikazwa na Land Cruiser, kitanzi kikikatika kinaruka kwa kasi ya kuua mtu aliyesimama kutazama. Watoto wa kijijini husogea karibu kila gari linapokwama. Waondoe kwanza, mbali kuliko urefu wa mkanda, ndipo uvute.