Goti Jipya, Unyayo wa Zamani

Wanaotetea upasuaji wa kubadilisha goti wana hoja nzito, na wanaoutilia shaka nao hawasemi ovyo. Kwa mtu aliyepanda na kushuka miamba ya Mabatini au Igogo jijini Mwanza miaka nenda rudi, gegedu la goti, yaani tabaka telezi linalofunika ncha za mifupa, likiisha upande wa ndani, mguu huanza kupinda na kuwa na matege. Mara nyingi uzito huhamia ukingo wa nje wa unyayo. Zigeuze kandambili zake uone soli ilivyolika upande huo, huku kifundo kikijipinda taratibu ili unyayo uendelee kulala chini.

Upasuaji huondoa ncha za mifupa zilizochakaa, huweka chuma juu na chini na plastiki ngumu katikati, kisha mguu hunyooka. Wengi hupata nafuu kubwa ya maumivu, hatua hurefuka, na mkandamizo wa unyayo husogea kuelekea upande wa kidole gumba. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Australia na Finland, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba takriban magoti bandia manane kati ya kumi hudumu miaka 25. Hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, kunyooka kwa mguu ni jambo moja na kutembea ni jingine. Mwezi wa kwanza baada ya upasuaji, msuli wa mbele ya paja unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na asiyefanya mazoezi huendelea kukakamaza goti na kuuelemea mguu wa pili, ambao pengine nao ni mbovu. Kifundo kilichozoea kujipinda, kama kimeshakakamaa, hakilifuati goti lililonyooshwa. Ndipo mgonjwa anapolalamikia maumivu ya mguu ambayo hakuwa nayo. Tena goti bandia kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 120, kiasi kisichotosha kuchuchumaa chooni, na wengi hushindwa kupiga magoti, jambo zito kwa mama wa Kisukuma anayesalimia wakubwa. Kushuka mlima, kunakoudai msuli wa paja kuliko kupanda, huchelewa kurudi.

Mimi naegemea upande wa upasuaji, ila kwa mgonjwa ambaye kifundo na unyayo wake vimepimwa kabla ya kisu. Mwenye uzito mkubwa na maumivu ya wastani aanze na kupungua na mazoezi, kwa kuwa kila kilo anayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Kwa mgonjwa wa Ukerewe anayevuka ziwa kuja hospitali ya Bugando, Mwanza, ningetaka ijulikane kabla ya tarehe ya upasuaji ni nani atakayemfanyisha mazoezi kwao Nansio, mji wa Ukerewe, kwa miezi kadhaa, na nauli ya kurudi kliniki itatoka wapi.